Dorcas Quamino na Wageni wa Roshani

Harrowfield haukuwa mji wa ubaguzi. Ulikuwa na ngazi tu.

Ngazi yenyewe ilianzia ndani ya mlango wa kanisa, upande wa kushoto, ikapanda kwa kujipinda mpaka roshani ya nyuma, chini kabisa ya dari. Wazungu walikaa chini, kila familia katika benchi lake lenye kijilango na jina la ukoo. Weusi walikaa roshanini. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Ungemwuliza mtu yeyote angekujibu kuwa ni desturi tu, na tena huko juu ndiko mtu anakoona vizuri. Ajabu ni kwamba miaka nenda miaka rudi hakutokea hata mmoja wao aliyetamani kupanda kwenda kuona hivyo vizuri.

Dorcas Quamino alipandishwa ngazi ile akiwa kitoto cha mikononi. Akaipanda akiwa mwari, akaipanda akiwa ameolewa, na sasa, magoti yalipoanza kumnung'unikia, alikuwa bado anaipanda, mkono mmoja ukutani, huku binti yake Zilpah akimsukuma kwa nyuma na kumtania, "Jikaze mama, mbinguni si mbali." Baba yake alipigana vita vya kumfukuza mfalme wa Waingereza. Alirudi na mguu mbovu na uhuru wake, na wazee wa mji, kwa kutambua mchango huo, wakampa nafasi ya roshani isiyovuja. Mumewe alikwenda kuwinda nyangumi na bahari haikumrudisha. Dorcas akabaki na binti, tanuri, na mkono wa kuoka ambao hata wasiompenda waliukubali.

Hakuna aliyeoa Harrowfield bila keki ya Dorcas. Keki iliingia kwa mlango wa mbele, watu wakiipisha kama gavana. Mwokaji alizungukia nyuma, akasubiri sahani zake.

Mambo yakiwa yametulia hivyo, akatufikia Bwana Lysander Orne kutoka Boston.

Bwana Orne alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimeshuka mabegani. Alikuwa ameacha nyama, chai, kahawa, siagi na tai ya shingoni, na kadiri alivyoviacha ndivyo alivyozidi kuvizungumzia. Alikuwa mmoja wa wale wanafalsafa waliojiita Watransendentali. Mkuu wetu wa posta alijaribu kulitamka jina hilo mara moja, akajing'ata ulimi. Mtaani tukawaita Watu wa Mawinguni, na wao wakalipenda, wakidhani tunawasifu.

Usiku aliohutubia ukumbi wa mji, Dorcas alikuwa mlangoni na vikapu vya mkate wa tangawizi, kwa hiyo alisikia yote. Bwana Orne alisema kila nafsi ina mwanga wa Mungu ndani yake. Alisema vitabu, makanisa na serikali ni magongo ya vilema. Mtu aisikilize sauti ya moyo wake, aifuate hata dunia nzima ikimzomea. Alisema hakuna nafsi ya juu wala nafsi ya chini. Ukumbi ukapiga makofi mpaka taa zikatikisika. Shemasi Asahel Pruitt, mwenye kinu cha mbao na mwenyekiti wa karibu kila kitu, alipiga makofi kuliko wote, kwa kuwa alidhani anayezungumziwa ni yeye.

Mwalimu wa shule ya mji, Bi Mehitabel Thurlow, alilia. Hilo halikumshangaza mtu, maana Bi Mehitabel alikuwa akilia hata akiona tufaha limedondoka. Lakini safari hii alilia kwa mpango. Wiki haikwisha, akawa amefungua baraza sebuleni kwake, kila Alhamisi alasiri, watu wenye nia njema wakutane na Bwana Orne kuzungumzia Uzuri, Nafsi, na mateso ya watumwa huko Kusini.

Dorcas ndiye aliyepewa kazi ya kupeleka keki. Sharti ni kwamba keki isiwe na sukari ya miwa, kwa sababu miwa hulimwa na watumwa. Isiwe na mayai, kwa sababu ya hisia za kuku. Wala siagi, kwa sababu ndama ndiye mwenye maziwa.

"Sasa hiyo ni keki au ni tofali?" Zilpah aliuliza.

"Wanalipa, mwanangu. Wakitaka tofali, tutawaokea tofali."

Alhamisi ya tatu, Dorcas akiwa anaweka sinia mezani, Bi Mehitabel alimshika mkono. Mji mzima ulikuwa umemwita Dorcas tu, jina bila kofia, tangu azaliwe. Humu sebuleni ghafla akawa dada.

"Dada Dorcas, kaa nasi. Tafadhali. Tueleze mateso yako."

"Mateso yepi, Bi Thurlow?"

"Ya utumwani. Uliyoyapata kule Kusini."

"Kusini?" Dorcas akafikiri. "Kusini kabisa nilikowahi kufika ni Worcester, hapa hapa jimboni. Nilikwenda kununua sufuria."

Bwana Orne, aliyekuwa amefumba macho, akasema kwa upole, "Hata hivyo nafsi hukumbuka."

"Bibi yangu alikata miwa Barbados, huyo ndiye aliyekumbuka," Dorcas akasema. "Alikuwa akitusimulia, sisi tukiwa wadogo, halafu asubuhi anatuuliza nani kamaliza sukari. Mimi nimezaliwa pale nyuma ya kinu cha Shemasi Pruitt, bwana. Wote mnanijua. Wewe Bi Thurlow keki ya ubatizo wako nilimsaidia mama kuioka."

"Basi tueleze chochote," Bi Mehitabel akasihi, machozi yakijikusanya tayari. "Tunataka kusikia sauti yako."

Dorcas alikuwa amechoka. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo, magoti yanamuuma, na ameacha mikate tanurini. Akasema tu kilichomjia mdomoni.

"Mnalilia mateso yaliyoko maili elfu moja, na macho hayo hayo kila Jumapili hayawezi kuinuka kutazama roshani. Sauti yangu ndiyo hiyo. Sahani nitazifuata kesho."

Njiani alijilaumu. Mteja ni mteja. Lakini Zilpah aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe maneno yale yalikuwa yameingia. Watu kumi na wanne walikuwa wameambiwa wasikilize sauti ya ndani. Kumi na watatu walisikia kuwa baraza liendelee vizuri na keki ipunguzwe ugumu. Bi Mehitabel Thurlow, ambaye hakujua kuwa maneno mazuri huwa ni ya kupigiwa makofi tu, akaenda akayafanya. Jumapili iliyofuata aliingia kanisani na mto wake wa kukalia kwapani, akalipita benchi la marehemu baba yake, akageuka kushoto, akapanda.

Vichwa viligeuka kwa pamoja kama bata waliosikia mbweha. Mchungaji alisahau zaburi. Bi Mehitabel akatokea juu, uso mwekundu, akajipenyeza kati ya Dorcas na Zilpah.

"Nimekuja," akanong'ona.

"Nimekuona," Dorcas akamjibu. "Umekalia shali yangu."

Yangeishia hapo, tungecheka wiki mbili na kusahau. Lakini Bwana Orne alipopata habari alitangaza kwamba lile ndilo tendo safi kuliko yote yaliyofanyika jimboni Massachusetts mwaka ule, na kila mtu wa baraza akaona wivu. Jumapili ya pili walipanda watano. Ya tatu walipanda wote, pamoja na Bwana Orne, aliyekuwa amesema makanisa ni magongo ya vilema lakini roshani, alieleza, ni jambo jingine. Kisha vijana wa mji wakagundua kwamba joto la jiko la chuma hupanda juu, na kwamba ukiwa roshanini Shemasi hakuoni ukisinzia. Binti wawili wa Shemasi mwenyewe wakapata mwamko wa nafsi, hasa baada ya kijana mmoja mfua vyuma kupata wake.

Kila Jumapili Dorcas alipewa mikono. Alipewa mikono mingi sana. Watu waliokuwa wamenunua mikate kwake miaka ishirini bila kumtazama usoni sasa waliushikilia mkono wake kwa mikono yote miwili, wakamtazama machoni mpaka yeye akatazama pembeni. Mmoja alimwambia kwamba uso wake una huzuni ya mwezi. Dorcas alikuwa anaumwa jino.

"Mama, tumekuwa maonyesho," Zilpah akasema.

"Nyamaza. Angalau kuna joto."

Shemasi Pruitt hakwenda kwa Bwana Orne wala kwa Bi Mehitabel kulalamika. Alikwenda mahali ambapo kila lawama ya Harrowfield hatimaye hufika. Alimkuta Dorcas jikoni kwake, mikono imejaa unga.

"Dorcas, hili jambo lako limezidi."

"Jambo langu lipi, bwana shemasi?"

"Hawa watu. Waambie washuke."

"Mimi niwaambie Wazungu wakae wapi kanisani?" Dorcas akaendelea kukanda. "Hee! Bwana shemasi, unataka nifungwe?"

"Usinifanyie mzaha. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Tulikuwa tunaishi kwa amani."

"Mlikuwa mnaishi kwa amani, ndiyo. Niliwaona, nilikuwa juu."

Shemasi akaondoka na mkate wa tangawizi aliokuwa ameagiza mkewe, na hakusahau kukagua kama umeungua chini.

Baridi ikaingia, theluji ikafika madirishani. Jumapili moja ya Januari Dorcas na Zilpah walichelewa, kwa kuwa njia ilikuwa haijafunguliwa na walikuja wakizama mpaka magotini. Kengele ilikwisha kulia. Walipofika juu ya ngazi, roshani ilikuwa imejaa pomoni. Watu wamebanana, makoti mapajani, nyuso zimewiva kwa joto na wema. Na pale kwenye reli, mahali alipokaa baba yake Dorcas na mguu wake mbovu, alikuwa amekaa Bwana Lysander Orne, amefumba macho, akiisikia nafsi moja ya walimwengu wote.

Dorcas akasimama mbele yake, theluji ikimyeyukia shingoni.

"Bwana Orne, hapo ndipo ninapokaa."

Akafumbua macho, akatabasamu. "Dada Dorcas! Karibu. Tulikuwa tukikuhisi kabla hujafika."

"Ahsante. Nipishe."

"Tunaweza kubanana," Bi Mehitabel akasema, akihangaika kukusanya sketi yake, lakini kushoto kwake alikuwa binti wa Shemasi na kulia kwake mfua vyuma, na hao hawakuwa na nia ya kusogezwa.

"Dada yangu," Bwana Orne akanong'ona kwa huruma kubwa, "mahali ni kitu cha mwili. Nafsi haihitaji kiti."

"Basi wewe uliye nafsi simama, mimi mwenye magoti nikae."

Watu wawili watatu walicheka. Bwana Orne alitikisa kichwa kwa kuvutiwa, akatoa kijikaratasi akaliandika lile neno, maana lilikuwa zuri sana. Kisha akafumba macho tena. Hakusimama.

Dorcas alijua hasira. Alikuwa ameziweka akiba tangu utoto, zimekunjwa vizuri, na siku zote alijiambia atazitoa siku ya haja. Lakini hizi hazikuwa zile za akiba. Zilikuwa mpya, za moto. Miaka yote alikatazwa kukaa chini, na leo hata juu pamekaliwa na wanaompenda. Akageuka.

"Mama, tunakwenda nyumbani?" Zilpah akauliza kwenye ngazi.

"Baada ya kuzama theluji yote hii? Nimekuja kusali, nitasali."

Chini kulikuwa kweupe kwa uwazi, nusu ya mabenchi hayana watu. Dorcas akapita katikati ya kanisa, viatu vyake vikilia kwa maji, chwaka, chwaka, Zilpah nyuma yake ameacha kupumua. Mchungaji alikuwa akisoma, akaendelea kusoma huku macho yakimfuata, mpaka akausoma mstari mmoja mara tatu. Dorcas akafika mbele, akafungua kijilango cha benchi la Pruitt.

Ndani alikuwa Bi Submit Pruitt peke yake. Wazazi wake walimbatiza Submit, yaani Tii, wakaona malezi yamekwisha. Mumewe, kama desturi ya mashemasi wetu, alikaa kule mbele chini ya mimbari, akilitazama kanisa; binti zake walikuwa juu na mwamko wao. Bi Submit akamtazama Dorcas. Akatazama sketi zilizolowa. Akasogea. Kisha kwa ncha ya kiatu akalisukuma sanduku la makaa la kupashia miguu, likaja kati yao.

Shemasi alikuwa amekwisha simama. Akaja mbio mbio kwa ncha za vidole, kama mtu anayetaka kufukuza mbwa bila kumwamsha mtoto.

"Dorcas! Toka. Submit, mwambie atoke."

"Funga kijilango, Asahel," mkewe akasema. "Unaingiza upepo."

"Submit! Hili ni benchi la familia."

"Ni la baba yangu. Aliliandika kwa jina langu na wanangu. Wewe ulilikuta, ukakaribishwa."

Inasemekana hayo ndiyo maneno mengi zaidi ambayo Bi Submit aliwahi kumwambia mumewe mbele za watu. Shemasi akafunga kijilango.

Dorcas alitarajia kwamba akikaa pale atasikia kitu kikubwa. Alisikia miguu ikianza kuuma kwa kupata joto. Aliona kwamba mchungaji ana nywele puani, na kwamba mahubiri ya karibu si mazuri kuliko mahubiri ya mbali. Akamfikiria baba yake, aliyeipanda ngazi ile na mguu wa vita mpaka alipokufa, kwa ajili ya hiki. Kwa benchi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na Zilpah akajifanya anatafuta ukurasa.

Walipotoka, wanawake walimzunguka Bi Submit wakitaka kujua ni sauti gani ya ndani iliyomwongoza.

"Nilikuwa naona baridi," akasema. "Wawili wana joto kuliko mmoja, na watatu zaidi."

Kanisa liliitisha mkutano. Kuhusu utu wa mwanadamu kulikuwa na maoni mengi, ya kila namna. Lakini benchi lilikuwa mali ya mtu, na Harrowfield mali ya mtu haijadiliwi. Dorcas akabaki alipokaa. Familia nyingine mbili za weusi zikaanza kushuka, na wenye mabenchi, kwa kuwa hawakutaka kuonekana wabaya kuliko mke wa Shemasi, wakafungua vijilango vyao shingo upande.

Shemasi aliyeshindwa kumgusa Dorcas wala mkewe akatafuta anayegusika. Kamati ya shule, mwenyekiti wake mnamjua, ikampumzisha Bi Mehitabel Thurlow kazi. Ilisemwa afya yake imedhoofu. Watu wa baraza waliumia sana. Sita kati yao walimtungia mashairi. Bwana Orne alimwambia kwamba kupoteza riziki ni kupata anga, kisha akaenda Boston kuhutubia juu ya "siku tulipoiangusha ngazi", na alipomaliza huko akatangaza shamba jipya mlimani, ambako watu wenye mwanga wangelima kwa mikono yao, bila bwana wala mtumishi. Alimpitia Dorcas kumwalika.

"Na nani atapika?" Dorcas akauliza.

"Wote ni sawa, dada. Kila mmoja atafuata kipaji chake. Na wewe kwa kipaji chako..."

"Safari njema, bwana."

Shamba lilidumu mpaka baridi ya kwanza. Hakuna aliyegundua kuwa ana kipaji cha kuchimba viazi.

Bi Mehitabel hakwenda. Alikuja mlangoni kwa Dorcas siku moja ya matope, kofia imeloa. Alikuja kuomba radhi kwa habari ya kile kiti, akaomba radhi kwa mto, kwa shali, kwa Worcester, na alipokuwa akitafuta kingine cha kuombea radhi Zilpah akamvuta ndani.

Dorcas alimtazama yule mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemcheka miezi mingi. Katika wote waliopiga makofi usiku ule ukumbini, huyu peke yake aliamini, na huyu peke yake amelipa. Ilimsumbua. Kumcheka kulikuwa rahisi zaidi alipokuwa na mshahara.

"Unajua kuoka?"

"Naweza kujifunza."

Hakuweza. Aliunguza mikate akiwaza juu ya Nafsi, akaisahau chachu, akalia ndani ya unga. Lakini alijua kuandika maombi ya kupeleka serikalini, na Dorcas alijua kila mlango wa mji na nani anapenda nini mlangoni. Basi waligawana. Mehitabel aliandika kwamba shule ya Harrowfield iwapokee watoto wote bila kutazama rangi. Alasiri wakawa wanatoka wawili, mmoja na karatasi, mwingine na kikapu.

"Acha mimi nianze," Dorcas alimwambia kwenye mlango wa kwanza. "Mtu hafungi mlango usoni pa mkate wa moto. Akishauma, wewe ndipo ulete nafsi yako."

"Na akikataa baada ya kula?"

"Tutarudi kesho. Atakuwa na njaa tena."

Kuna waliowafukuza na kubaki na mkate. Kuna waliosaini ili wapate amani. Maombi ya kwanza yalitupwa, ya pili yakapotea mezani kwa mtu, ya tatu yakapita, na asubuhi ya Septemba watoto wa familia zile mbili waliingia darasani wakiwa wamesuguliwa nyuso mpaka zinang'aa. Mehitabel hakurudishiwa kazi. Mwalimu mpya alikuwa mpwa wa Shemasi.

Katika saini zote, iliyozungumzwa zaidi mjini ni ya Bi Submit Pruitt. Aliiandika amesimama kizingitini, mkate mkononi, mumewe akikohoa kwa makusudi kutoka chumba cha ndani. Bi Mehitabel, macho yakilengalenga, alimwuliza kama ni dhamiri iliyomsukuma.

"Watoto wakiwa shuleni," Bi Submit akajibu, akimrudishia kalamu, "hawapandi mitufaha yangu kuniibia." Akafunga mlango. Dorcas akamshika Mehitabel mkono kabla hajaanza kulia, wakaenda nyumba ya pili.